Ghala la Rumanyika kwenye Meza ya Mchezo: Uhakiki wa Vitabu vya Picha vya Vita vya Kikoloni Vilivyochapishwa Upya, kwa Kurejelea Karagwe na Kagera

Utangulizi

Mwanzoni mwa mwaka 1876 Henry Morton Stanley alifika Karagwe na kupokewa na Omukama Rumanyika. Miongoni mwa mambo aliyoonyeshwa ni nyumba ya msonge iliyohifadhi vitu vya kifalme. Miaka miwili baadaye, katika juzuu ya kwanza ya Through the Dark Continent (1878), ziara hiyo iliwekewa mchoro. Maelezo ya mchoro huo yanataja mambo matatu kwa mfuatano: nyumba ya hazina, silaha na mali za Rumanyika. Mwaka 1988 shirika la Dover la New York lilichapisha upya kitabu kizima kwa juzuu mbili, pamoja na michoro yake. Karne moja na miaka kumi ilikuwa imepita. Ufalme wa Karagwe ulikuwa umekwisha kuwa wilaya ya Tanzania, na baadaye, mwaka 2012, wilaya hiyo iligawanywa na Kyerwa ikazaliwa. Maelezo ya mchoro yalibaki yaleyale.

Makala haya yanahakiki aina ya vitabu ambayo wahakiki wa Kiswahili wameipita bila kuitazama sana: vitabu vya picha vya historia ya kijeshi ya enzi ya ukoloni, vilivyochapishwa upya au kuundwa upya kutokana na vitabu vya kale, ambavyo sehemu kubwa ya wasomaji wake ni wachezaji wa vita vya mezani. Mchezo huo una historia ndefu. Jeshi la Prussia liliutumia kufunzia maofisa wake tangu miaka ya 1820, na H. G. Wells aliupeleka sebuleni kwa kitabu chake Little Wars, kilichotoka mwaka 1913, yaani mwaka mmoja kabla vita vikubwa havijazuka. Mchezaji hupanga askari wadogo wa madini juu ya meza yenye vilima na mito ya bandia, huwasogeza kwa kipimo cha rula, kisha hutupa dadu ili kujua nani amekufa. (Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa madini yaliyozoeleka kusubu askari hao na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, wachezaji wa Ulaya hawana bahati ya kulijua hilo.) Kampuni ya Foundry ya Nottingham, Uingereza, imeuza kwa miaka mingi askari wa milimita 28 wa vita vya Afrika chini ya jina Darkest Africa, jina ambalo chimbuko lake ni kitabu kingine cha Stanley, In Darkest Africa (1890). Kampuni hiyohiyo ilichapisha mwaka 2003 kitabu cha Chris Peers kuhusu majeshi ya Afrika Mashariki ya karne ya 19. Kwa hiyo kitabu na sanamu hukaa kwenye rafu moja, na mara nyingi mnunuzi wa kimoja ndiye mnunuzi wa kingine.

Hoja ya makala ni kwamba uchapishaji upya wa aina hii hubadili hadhi ya picha. Katika toleo la kwanza, picha ilikuwa dai la msafiri au la ofisa mmoja kuhusu alichokiona. Katika toleo jipya, mbele ya msomaji anayetafuta rangi ya kupaka na silaha ya kumpa askari wake mkononi, dai hilo hugeuka rejea. Gérard Genette, katika Seuils (1987), ameonyesha kwamba jalada, dibaji, anwani na maelezo ya picha ni vizingiti ambavyo msomaji huvivuka kabla ya kuifikia matini, na kwamba vizingiti hivyo humwelekeza namna ya kusoma. Vitabu vinavyojadiliwa hapa vinalidhihirisha wazo la Genette kwa uwazi usio wa kawaida, maana ndani yake matini mara nyingi haiguswi hata kwa nukta moja. Kinachobadilika ni kizingiti peke yake.

Silaha zisizo za vita

Mchoro wa Stanley unastahili kukaliwa kwa muda. Matini inayouzunguka inaorodhesha vitu vilivyokuwamo ndani ya nyumba ile: mabata ya shaba ya njano yenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki yenye makali mawili, visu vipana vya chuma, na bunduki ambayo Rumanyika alikuwa amepewa na John Hanning Speke miaka kumi na mitano hivi kabla. Stanley anavisifu vyuma hivyo kwa ustadi wa ufuaji wake. Hata hivyo hana fasiri ya kutoa. Kwake chumba kile ni ghala la mtawala tajiri, na mtawala tajiri wa Afrika, katika fikra za wasomaji wake wa London, huwa na vitu viwili: silaha na vitu vya ajabu.

Uchunguzi uliofanywa baadaye umelipeleka suala hili kwingine kabisa. Hamo Sassoon (1983), na baada yake Andrew Reid na Rachel MacLean (1995), wamevihusisha vyuma vya kifalme vya Karagwe na itikadi ya utawala katika falme za Maziwa Makuu, ambamo mfalme hutazamwa kwa mfano wa mhunzi na wa mwenye ng'ombe, na ambamo uhunzi wenyewe huhusishwa na uzazi na neema ya nchi. Israel Katoke, katika The Karagwe Kingdom (1975), kazi iliyojengwa juu ya masimulizi ya wazee wa Banyambo, ameieleza dola ya Abahinda kama mpango wa mamlaka ulioshikiliwa na ukoo, ibada na alama za enzi sambamba na nguvu ya mapigano. Ukisoma mchoro kwa mwanga huo, mkuki wa makali mawili uliosimamishwa ndani ya nyumba ile haukusubiri mpiganaji wa kuuchukua. Ulikuwa ukifanya kazi yake palepale uliposimama.

Speke mwenyewe anatoa ushahidi unaounga mkono usomaji huu, ingawa yeye aliusimulia kama kichekesho. Alipokaa Karagwe kuanzia Novemba 1861 hadi Januari 1862, aliambiwa jinsi Rumanyika alivyopata kiti: ngoma iliwekwa mbele ya wana wa marehemu mfalme, ndugu wakashindwa kuinyanyua, yeye akaiinua kwa wepesi. Kwa msikilizaji wa Karagwe, kisa hicho kinaeleza uhalali. Kinasema kwamba chombo cha enzi humtambua mwenyewe. Msikilizaji huyohuyo, akioneshwa mchoro wa 1878, asingeuliza mkuki ule unarushwa umbali gani. Angeuliza nani aruhusiwa kuushika.

Jambo la kushangaza zaidi ni lile ambalo halikuchorwa. Karagwe ilikuwa na vita halisi katika kipindi hichohicho, na Speke anaviandika: ugomvi wa Rumanyika na ndugu yake anayemwita Rogero. Katika ugomvi huo, mfanyabiashara Musa Mzuri wa Kaze, yaani Tabora ya leo, alimsaidia Rumanyika, na bunduki za wafanyabiashara wa pwani zikaanza kuingia katika mizani ya siasa za bara. Hapa pana kila kitu ambacho mwanahistoria wa kijeshi angekitamani. Pana mirathi inayogombewa, pana silaha mpya, pana washirika wenye maslahi yao wenyewe, pana njia ya biashara inayopita Kafuro. Wachoraji hawakuigusa habari hiyo. Msomaji wa matoleo mapya anapata picha ya nyumba ya ibada iliyopewa anwani ya silaha, na hapati picha ya vita vilivyopiganwa. Mtu asingeweza kubuni mfano bora wa jinsi maelezo ya picha yanavyoweza kupotosha bila kusema neno moja la uongo, kwa kuwa mikuki ile, kusema kweli, ni mikuki.

Sarufi ya picha ya rangi

Mchezaji wa vita vya mezani si msomaji mzembe. Kinyume chake, ni vigumu kumpata msomaji mwenye jicho kali zaidi la vifungo, mikanda na rangi ya vilemba. Atazame askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, atauliza kofia ilifunikwa kwa kitambaa cha rangi gani, bunduki ilikuwa ya mwaka gani, viatu vilikuwapo au havikuwapo. Umakini huo umewalazimisha waandishi wa aina hii kufanya kazi ya kweli. Peers, katika kitabu cha 2003 na tena katika Warrior Peoples of East Africa 1840–1900 (2005), anayachukulia majeshi ya Kiafrika kuwa majeshi: yana mpangilio, yana mbinu, yana sababu za kushinda na za kushindwa. Katika historia nyingi za zamani za kikoloni majeshi hayo ni umati tu unaokimbilia mbele na kuanguka. Mhakiki anayeyapuuza mafanikio hayo kwa sababu tu kitabu kinauzwa pamoja na askari wa madini hatendi haki.

Lakini jicho hilo kali hutazama upande mmoja. Mfululizo wa Men-at-Arms wa shirika la Osprey, ambamo kilitoka kitabu hicho cha pili cha Peers na kabla yake Armies in East Africa 1914–18 cha Peter Abbott (2002), una umbo lisilobadilika: kurasa 48, na katikati kurasa nane za picha za rangi, ambazo kwa vitabu hivi viwili zilichorwa na Raffaele Ruggeri. Kila mtu aliyechorwa hupewa herufi na namba, kisha mwishoni mwa kitabu huelezwa: cheo chake, kikosi chake, mwaka wake, mavazi yake. Hii ni sarufi, na kama sarufi yoyote ina mambo inayoyasema kwa urahisi na mambo inayoyasema kwa taabu. Huyasema kwa urahisi yale yanayovaliwa na kushikwa. Hutaabika inapofika kwenye njaa, kuhara damu, kodi, shamba lililoachwa bila mlimaji, na umbali uliotembewa na mtu aliyebeba mzigo wa mwingine.

Vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki vilikuwa, kwa hesabu ya watu, vita vya wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake, waliofariki wakiwa wapagazi wanakadiriwa kufikia karibu 95,000, na wako watafiti wanaoiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Mpagazi anaweza kuchorwa, bila shaka, na wakati mwingine huchorwa. Tatizo liko kwenye kanuni za mchezo. Juu ya meza, kila kitengo hupewa thamani kwa uwezo wake wa kupiga, kukimbia na kustahimili. Mpagazi hapigi. Akiwekwa mezani, huwekwa kama mali ya kulindwa au ya kutekwa, daraja moja na ng'ombe na masanduku. Picha inayotengenezwa kwa ajili ya meza hiyo itamkumbuka kadiri meza inavyomhitaji.

Ulinganisho na sanaa nyingine ya ukoloni unasaidia kuonyesha kwamba ukimya huu haukuwa wa lazima hata kwa macho ya wakati ule. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inaonyesha askari mmoja aliyeelekeza singe mbele. Ile ya Nairobi, ya miaka hiyohiyo na yenye madhumuni yaleyale, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yaliyochongwa chini ya sanamu hizo, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Dola iliyowatumia watu hao hadi kufa ilijua angalau kwamba haiwezi kuandika ukumbusho bila kuwataja. Kitabu cha picha cha karne ya 21 hakina wajibu huo, na ndiyo maana swali la nani amewekwa kwenye kurasa nane za katikati ni swali la kihakiki, halali kabisa kuulizwa na msomaji wa Karagwe au Kyerwa ambaye babu wa babu yake alitembea na mzigo.

Bukoba, Juni 1915: shahidi mmoja mara mbili

Mkoa wa Kagera una tukio moja la vita hivyo ambalo vitabu hivi hulipenda. Tarehe 20 Juni 1915 kikosi cha Waingereza chini ya Brigedia Jenerali J. M. Stewart kiliondoka Kisumu kwa meli, kikashuka karibu na Bukoba, na baada ya mapigano ya siku mbili kikauteka mji, kikaangusha mnara wa simu ya upepo, kisha kikaondoka. Tukio lina sura ya mchezo tayari: mwanzo, lengo, mwisho, na kundi dogo la watu wenye majina. Mmojawapo alikuwa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, aliyekuwa katika Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers na ambaye aliuawa Beho Beho Januari 1917.

Vyanzo vya tukio hilo vinavyopatikana kwa urahisi leo ni karibu vyote matoleo yaliyochapishwa upya. Historia rasmi ya Uingereza iliyoandaliwa na Charles Hordern, Military Operations: East Africa, ilitoka mwaka 1941 katikati ya vita vingine, ikaishia Septemba 1916, na juzuu yake ya pili haikutoka kamwe. Naval & Military Press waliirudisha sokoni. Angus Buchanan, aliyekuwa askari wa kikosi kilekile cha Selous, aliandika Three Years of War in East Africa (1919), nacho kikarudi. Kwa hili wachapishaji wanastahili shukrani. Ramani za Hordern peke yake zinatosha kuhalalisha gharama ya karatasi, na mwanafunzi wa Kagera anayeandika juu ya mpaka wa mto hana pa kuzipata kwa urahisi zaidi.

Shukrani hiyo haiondoi swali la ushahidi. Mji wa Bukoba uliporwa baada ya kutekwa. Habari za uporaji huo zimeenea sana kupitia Richard Meinertzhagen, ofisa wa ujasusi aliyechapisha Army Diary mwaka 1960, miaka 45 baada ya tukio. Uaminifu wa shajara zake umetiliwa shaka nzito, hasa tangu Brian Garfield alipochapisha uchunguzi wake mwaka 2007. Kwamba uporaji ulitokea halina ubishi mkubwa. Linalobishaniwa ni nani aliruhusu nini na kwa maneno gani, na katika hilo msomaji wa Meinertzhagen anahitaji dibaji inayomwonya. Toleo linalorudisha maandishi ya zamani kama yalivyo, bila dibaji mpya, linamwacha shahidi huyo jukwaani bila kuhojiwa.

Upande wa Wajerumani hali ni ya kupendeza zaidi kwa mhakiki wa picha. Kumbukumbu za Paul von Lettow-Vorbeck zilitoka kwa Kijerumani na Kiingereza mwaka 1920, na toleo la Kiingereza, lililochapishwa upya Marekani na Battery Press, lina ramani na vielelezo 22 pamoja na michoro 13. Ukurasa wa jina unamtambulisha mchoraji kwa wadhifa wake wa msaidizi wa jenerali. Mtu huyo ni Walter von Ruckteschell, msanii na ofisa aliyekuwa chini ya amri ya mwandishi mwenyewe, ambaye baadaye alibuni michongo ya askari iliyowekwa katika kambi ya kijeshi ya Hamburg iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck. Katika kitabu hicho, basi, matini inasema askari walikuwa waaminifu, na picha inathibitisha kwamba walikuwa waaminifu. Aliyechora alikuwa akipokea amri kwa aliyeandika. Msomaji hudhani ana mashahidi wawili. Anaye mmoja, aliyesimama mara mbili. Taswira ya askari mwaminifu iliyojaa katika vitabu vya baadaye, na kwenye visanduku vya sanamu za madini, inadaiwa sana na mkono huo.

Katika vyanzo vyote hivyo Karagwe imo kama ardhi ya kupita. Mapigano ya mpaka yalikuwa mashariki zaidi, kati ya Kyaka na Ghuba ya Sango. Wabelgiji walioingia Kigali tarehe 6 Mei 1916 walipita kusini kuelekea Biharamulo na hatimaye Tabora. Kutoka Rugera hadi ukingo wa Kagera hapakuwa na pambano ambalo lingempa mchoraji mada. Kulikuwa na watu, ng'ombe na chakula, vitu vitatu ambavyo kila jeshi linalopita jirani huvihitaji.

Tenzi kama historia ya kijeshi iliyochapishwa upya

Kiswahili kina vitabu vyake vya vita vya kikoloni vilivyochapishwa upya, na ulinganisho navyo haujafanywa vya kutosha. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy unahusu mapambano ya pwani ya mwaka 1307 Hijria. Ulichapishwa mwaka 1955 na tena mwaka 1960, ukiwa na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1933, ulitoka tena mwaka 1957 kwa tafsiri ya W. H. Whiteley na utangulizi wa kihistoria wa Margaret Bates.

Kwa mizani ya Genette, matoleo haya mawili ni kinyume cha yale ya Dover na Battery Press. Hayana picha za rangi. Yana vizingiti vinene: nani alitunga, nakala ilipatikanaje, tukio lilikuwa lipi, neno hili lina maana gani. Vizingiti hivyo navyo vina siasa yake, kwa kuwa vilijengwa chini ya utawala wa Kiingereza na kwa msomaji wa Kiingereza kwa sehemu kubwa, lakini angalau vinaonekana na vinaweza kubishiwa. Msomaji wa Hemedi hawezi kusahau kwamba anasoma sauti ya mtu fulani, wa upande fulani, mwenye dini na hasira na mzaha wake. Vivyo hivyo kwa Henry Muhanika, ambaye Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada (1981) haujifanyi kuwa rejea isiyo na upande. Mtunzi wa utenzi hujitaja, huomba dua, huhukumu, hulaani. Mambo ambayo mwanahistoria wa picha angeyaona kuwa dosari ya ushahidi ndiyo yanayomkinga msomaji asidanganyike.

Vita vya 1978 hadi 1979 vinaonyesha kwamba tofauti hii haikuisha na ukoloni. Wars and Insurgencies of Uganda cha Tom Cooper na Adrien Fontanellaz (2015), katika mfululizo wa Africa@War wa shirika la Helion, kina michoro ya rangi ya ndege na magari ya kivita, iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai (1980) kiliandikwa kwa Kiswahili na kwa Watanzania, vita vikiwa bado vibichi. Mwanafunzi anayetaka kujua jeshi la Amin lilikuwa na vifaru vya aina gani atakwenda kwa Cooper na Fontanellaz, na atafanya vyema. Anayetaka kujua neno Kagera lilibeba nini masikioni mwa Watanzania wa wakati ule hatalipata kwenye mchoro wa kifaru.

Mwaka katika mabano

Suala hili lina matokeo katika uandishi wa tasnifu zenyewe. Mfumo wa urejeleaji unaotumika katika vyuo vingi huweka jina na mwaka katika mabano, na mwaka unaowekwa mara nyingi ni ule wa nakala iliyoshikwa mkononi. Mtafiti anayenukuu maelezo ya nyumba ya hazina kutoka toleo la Dover ataandika (Stanley, 1988). Sentensi inayofuata inaweza kuwa na (Katoke, 1975). Msomaji asiyejua atamwona Stanley kuwa ndiye mwenye neno jipya zaidi, aliyeandika miaka 13 baada ya Katoke na pengine baada ya kumsoma, ilhali alikuwa amefariki tangu 1904. Kwa mabano hayo mawili, tasnifu imetenda kosa lilelile linalotendwa na jalada jipya: imemhamisha shahidi kutoka wakati wake. Desturi ya kuandika (Stanley, 1878/1988) ipo katika miongozo kadhaa ya uandishi na haina gharama. Inafaa watahini waidai, hasa kwa kazi zinazohusu maeneo yenye vyanzo vichache vya maandishi kama Karagwe, ambako kila nukuu ya msafiri hubeba uzito kuliko inavyostahili.

Picha nazo zinahitaji kanuni yake. Katika tasnifu nyingi mchoro hubandikwa kama pambo, chanzo kikatajwa chini yake kwa mstari mmoja, na uchambuzi ukaendelea kana kwamba hakuna kitu kilichosemwa. Mchoro wa kitabu cha msafiri wa karne ya 19 umepitia mikono kadhaa: jicho la aliyeuona mwenyewe, rasimu yake, fundi aliyeandaa nakala ya kuchapwa ambaye kwa kawaida hakuwahi kukanyaga Afrika, mhariri aliyeupa jina, na sasa mchapishaji aliyeurudisha. Mtafiti anayeuweka katika kazi yake anakuwa mkono wa ziada katika msururu huo, na maelezo atakayoyaandika chini yake kwa Kiswahili yatakuwa kizingiti kipya. Kutafsiri tu maneno ya 1878 ni kuchagua kuendeleza fasiri ya Stanley. Kwa mchoro wa Bweranyange, maelezo yanayoweza kutetewa mbele ya jopo yangesomeka hivi: vyombo vya enzi vya Omukama Rumanyika wa Karagwe, kama vilivyochorwa kwa ajili ya kitabu cha H. M. Stanley (1878), ambamo viliitwa silaha.